Ndinga ya Chini, Nchi ya Juu: Kweli na Uongo Kuhusu Gari la Spoti Mbulu na Hanang

Katesh, ukitaka kujua watu wanalionaje gari lako, lipeleke likaoshwe. Pale kila anayesubiri zamu ana hukumu yake mfukoni. Siku ya kwanza nilipoipeleka Altezza yangu, kijana mwenye mpira wa maji aliniuliza kama nimerithi. Mama mmoja aliyekuja na Noah alisema halitafika Pasaka. Mwingine akaapa kwamba nitauza ng'ombe wote kwa ajili ya petroli. Kisha mzee mmoja mwenye Landrova ya zamani akalizunguka mara mbili, akainama, akachungulia chini, akasimama akipangusa magoti. "Fupi," alisema. Hakuongeza neno.

Sasa nina miaka kadhaa ya ushahidi. Karibu yote niliyoambiwa siku ile yalikuwa uongo, isipokuwa lile neno moja la mzee. Naandika kwa ajili ya kijana wa Mbulu, Dongobesh, Haydom, Endasak au Basotu ambaye amepata kazi, ana akiba ndogo, na moyo wake umeangukia gari lenye mbio badala ya IST kama ya kila mtu. Ninaposema gari la spoti simaanishi Ferrari. Namaanisha magari ya Kijapani yaliyotumika ambayo mshahara wa kawaida unaweza kuyakaribia: Altezza, Celica, Impreza WRX, Mark X, Swift Sport, Runx ya toleo la Z.

"Magari ya spoti hayakuumbwa kwa barabara za Afrika."

Uongo, na ushahidi wake ni wa zamani kuliko wengi wetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miongo yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na huku kwetu pia, kwenye vumbi na tope lile lile tunalolilalamikia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Datsun 240Z tena, baada ya kumaliza kwa pointi sawa na Harry Källström na kupewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. 240Z ni gari la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita. Kwa sura tu, lingeweza kabisa kuoshwa Katesh likaambiwa halitafika Pasaka.

Ila tusidanganyane. Datsun zile zilikuwa zimeinuliwa, zimewekewa ngao ya chuma tumboni, na zilifuatwa na mafundi wenye spea. Wewe utafuatwa na bodaboda anayetaka kuona mwisho wako.

"Kinachoumiza ni ushuru wa injini kubwa."

Uongo, na huu umewagharimu watu fedha nyingi kuliko uongo mwingine wowote ninaoujua. Tupige hesabu kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikitumia. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi CC 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Halafu kuna ule wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likishapita 10. Juu ya yote inakaa VAT ya asilimia 18.

Chukua Altezza. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hakuna Altezza duniani yenye umri chini ya miaka 10. Kwa kila shilingi 100 ya thamani iliyokadiriwa na TRA, forodha inachukua 25, ushuru wa injini 6.25, uchakavu 37.5, na VAT zaidi ya 30. Jumla ni kama shilingi 99, kabla ya tozo ndogo ndogo na usajili. Yaani unalinunua gari mara mbili: mara moja Japani na mara moja bandarini.

Sasa peleka injini juu ya CC 2,000 kwa umri ule ule, kama Mark X ya zamani yenye CC 2,500. Jumla inapanda hadi kama 106. Umeongeza shilingi 7 tu. Lakini punguza umri: gari la CC 1,400 lenye miaka chini ya 8 linalipa kama shilingi 55. Kinachouma ni miaka. Injini inatekenya tu. Kweli, gari jipya zaidi lina bei kubwa zaidi, na asilimia ndogo ya bei kubwa bado ni fedha, ndiyo maana kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni bure. Kipitie kabla hujatuma hata dola moja, maana viwango hivi vinaweza kuguswa bungeni mwaka wowote wakati wa bajeti.

Kwa mtu wa bajeti ndogo hesabu hii ina jibu moja: gari la spoti la zamani usiliagize. Nunua lililokwishaingia nchini, ambalo mwenzako alishalilipia machungu ya bandarini. Ndivyo nilivyofanya.

"Ni namba E hilo, bado jipya."

Uongo. Herufi ya kwanza baada ya zile tarakimu inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikwambii limezaliwa lini. Altezza ya 2001 iliyotua jana itabeba herufi ya jana. Kwa gari la spoti mimi ningependelea hata namba ya zamani kidogo kama mmiliki wake ni mmoja na fundi wake anajulikana. Kadi ya gari ina mwaka wa kutengenezwa. Soma hapo, uache kusoma sahani.

Na ukiwa umeinama kusoma, uliza kuhusu mkanda wa taimingi. Injini za Altezza zote mbili, ya RS200 na ya AS200, zinatumia mkanda, na Impreza WRX za EJ20 vivyo hivyo. Mkanda hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na magari mengi ya Japani hutufikia yakiwa yanakaribia hapo hapo. Muuzaji akikujibu "hiyo haijawahi kusumbua," ujue haujabadilishwa. Kwa injini ya EJ20 mkanda ukikatika njiani, valvu zinakutana na pistoni, na hapo bei ya gari inaanza kuhesabiwa kwa kilo.

"Litakumaliza kwa mafuta."

Nusu kweli. Altezza yangu kwenye lami hunipa kilomita 9 hadi 10 kwa lita. IST ya jirani inampa kama 14. Ukiwa unaendesha kilomita 60 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi, tofauti yetu ni kama lita 45 kwa mwezi. Weka petroli kwa shilingi 3,000, inakuwa 135,000. Si fedha ya kudharau kwa mwalimu au muuguzi, lakini si ng'ombe wote pia. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila mji, hivyo unaweza kupiga hesabu yako ukiwa nyumbani badala ya kutishwa na wanaosubiri kuosha Noah.

Jambo ambalo hawakukwambia ni aina ya petroli. Altezza ya RS200 na Impreza yenye tabo ziliundwa kwa petroli ya okteni ya juu. Maandishi huwa ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani, ndiyo maana hakuna anayeyasoma. Yapige picha, umtumie anayejua. Altezza ya AS200, yenye silinda sita na nguvu ndogo zaidi, haina madeko hayo.

"Farasi 210 ni farasi 210 popote."

Uongo, na huu ni wa kwetu sisi tunaoishi juu. Mji wa Mbulu uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupumua hewa ile ile tunayopumua sisi. Inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unayopanda. Altezza ya RS200 ilitoka kiwandani na farasi 210. Ukifika nayo Mbulu una kama 175. Wale 35 hawakupanda mlima, wamebaki Dar es Salaam wakila upepo.

Tabo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo kwa sababu yenyewe inasukuma hewa ndani. Kwa hiyo ukiona WRX inaiacha Altezza kwenye mwinuko kuliko ilivyotarajiwa, dereva hana uchawi. Lakini tabo inachukia vumbi, na vijana wetu wanapenda kung'oa boksi la filta na kuweka ile filta ya wazi inayopiga mluzi. Wakati wa mavuno ya ngano upande wa Basotu, vumbi linaning'inia hewani hadi jioni. Mluzi huo ni sauti ya injini ikila mchanga. Rudisha boksi la kiwandani.

"Subaru ni foo-wili, itapita popote."

Uongo. Magurudumu manne yanakusaidia kukamata ardhi, hayakuinui. Impreza WRX tumbo lake liko karibu na ardhi kama saluni nyingine yoyote. Udongo mweusi ukishalowa, njia za malori zinachimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Tumbo likikaa kwenye tuta, magurudumu yote manne yanachezea hewa, na unasubiri trekta sawa na mwenye Vitz. Forester ni habari nyingine, kwa sababu iko juu, na toleo lenye tabo lina injini ya ukoo mmoja na Impreza. Kwa mtu wa Mbulu anayetaka mbio na pia anataka kufika nyumbani mwezi wa Aprili, hiyo ndiyo siri iliyojificha kwenye umbo la gari la familia.

"Gari la chini halifai huku kwetu."

Hapa ndipo mzee wa Landrova alipokuwa na haki, na hapa ndipo kila kitu kinategemea "huku" ni wapi.

Kwa anayeishi Katesh na kufanya kazi Endasak, au hata Babati, ni uongo. Barabara ya Singida hadi Babati na Minjingu ni lami, imepita Hanang katikati, na ukiwa juu yake Altezza iko nyumbani. Asubuhi yenye baridi, Mlima Hanang na mita zake 3,400 na kitu umevaa kofia ya wingu, barabara imenyooka: sitajifanya sijui kwa nini nililinunua. Kero zako ni matuta, rasta, ng'ombe na tochi za trafiki kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa. Tuta unalivuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku waliokaa vibarazani wakikuhesabia.

Kwa anayeishi Mbulu juu ni kweli. Ukitoka Karatu kuja Mbulu, au Mbulu kwenda Haydom, au ukipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Dongobesh, bado kuna vumbi la kutosha, mawe ya kutosha, na mvua ikija, utelezi mwekundu unaotupa mkia wa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenyewe. Watu huweka gunia la mahindi kwenye buti ili mkia utulie. Linasaidia kutulia, na linalishusha gari ambalo tayari lilikuwa chini.

Altezza ina kama sentimita 14 kati ya tumbo na ardhi ikiwa mpya. Ya kwetu, yenye springi zilizochoka miaka zaidi ya ishirini, ina pungufu. Nilijifunza hilo nikienda msibani ng'ambo ya Balang'dalalu. Niliacha lami nikiwa na haraka na suti. Jiwe halikuwa kubwa. Lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Nikasikia kishindo, nikaendelea mita kama mia mbili, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima. Hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku ile, maana sampu ilikuwa imepasuka na oili yote iko barabarani.

Aliyenitoa ni mzee mwenye trekta, akitoka shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hili gari umelitoa wapi?"

"Arusha, mzee."

"Basi ungeliacha huko huko, ungepanda Noah, ungewahi kuzika."

Nilifika matanga badala ya maziko. Baada ya hapo nilifanya mambo matatu, na ningekushauri uyafanye kabla ya jiwe lako. Kwanza, nilimpa fundi wa kuchomelea bati nene akatengeneza ngao ya sampu, yenye tundu la kufungulia oili, inayofunguka kwa boliti. Pili, nilibadilisha springi na shokomzoba kwa pamoja, na gari likarudi kwenye kimo chake cha kuzaliwa. Wengine huweka spesa na kuinua zaidi, lakini ukipita sentimita mbili au tatu, boljoint na shafti zinafanya kazi kwa pembe zisizozipenda.

La tatu ni rahisi na ndilo lililonisaidia kuliko yote. RS200 inakuja na tairi 215/45 kwenye rimu ya inchi 17. Ukuta wa mpira hapo ni kama milimita 97. Ukiweka rimu ya inchi 16 kama za AS200, na tairi 205/55, ukuta unakuwa kama milimita 113. Umepata milimita 16 zaidi za mpira kati ya rimu na jiwe, kipenyo kimeongezeka kidogo sana, spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kukupeleka mahakamani, na tairi hizo ni rahisi kuzipata. Vijana watasema umeharibu muonekano. Waache. Rimu ya inchi 17 iliyopinda haina muonekano wowote.

Na kuhusu kuvuka maji kwenye korongo ukiwa na gari la kimo hiki: usivuke. Baada ya maporomoko ya tope yaliyotokea Katesh tarehe 3 Desemba 2023, sidhani kama kuna mtu wa Hanang anayehitaji kuelezwa maji na tope vinaweza kufanya nini.

"Shuka mlima kwa frii, utaokoa mafuta."

Uongo unaoua. Nimeusikia kwa watu wenye leseni ya miaka ishirini, wanaoshuka Magara kuelekea bondeni wakiwa wametoa gia. Magari haya yote yana injekta zinazoongozwa na kompyuta. Ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye moto, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka kwa frii anatumia mafuta zaidi, na juu ya hapo breki zinabeba uzito wote peke yake hadi pedi zinanuka na pedali inalainika. Gia uliyoihitaji kupandia ndiyo ya kushukia. Mwenye otomatiki asijidai hana gia. Ile L au 2 kwenye kiteuzi haikuwekwa kama pambo.

Na haya mengine kwa haraka

"Bima yake ni ghali." Uongo kwa bima ndogo: haiulizi kama gari lina mbio, Altezza na IST zinasimama mstari mmoja. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani, na makampuni mengine huanza kusumbua gari likizeeka. "Utalipa leseni ya barabara kubwa kila mwaka." Uongo tangu bajeti ya 2017, ada ile ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta, mwenye kiu ndiye anayelipa. "Spea hakuna." Kweli kwa Mazda RX-8, ambayo injini yake hunywa oili kwa kuumbwa kwake na fundi wa kuielewa utamfuata mbali, uongo kwa Altezza AS200, kwani injini yake imo pia kwenye Mark II zilizojaa nchini. "Hutapata mnunuzi." Kweli Katesh, uongo Arusha.

"Lami inakuja, nunua tu."

Ni kweli kwamba Juni 2023 serikali ilisaini mkataba wa barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa, kilomita 389. Nilishangilia kama wengine. Lakini sampu haipasuki kwa jiwe la kwenye mkataba. Nunua gari la barabara unayoipita leo saa kumi na mbili asubuhi. Lami ikifika mlangoni, uza, ongeza, nunua unalolitaka.

Kama uko Hanang kando ya barabara kuu na bajeti ni ndogo, chukua Altezza ya AS200 au Runx ya Z. Runx hii ina injini ya CC 1,800 yenye farasi 190, kwa sura inafanana na gari la mwalimu mkuu, na haina mkanda bali cheni. Kama uko Mbulu, Dongobesh au Haydom, chukua Forester yenye tabo na ubadilishe mkanda wiki ya kwanza. Vyovyote, kabla ya kulipa nenda na futi, lala chini bila aibu, pima kutoka ardhini hadi sampu. Ikiwa chini ya sentimita 14 na nyumbani kwako hakuna lami, mrudishie muuzaji funguo zake.